Managu Yalipojikunja

Pale Waithaka, kwa watu waliokuwa wakilima mboga nyuma ya kanisa, Mutie alijulikana kwa mkono wake wa kulia. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, na kila asubuhi kabla ya chai aliutumbukiza mkono huo hadi kwenye kiwiko ndani ya lundo la mboji, kama daktari wa mifugo anayemzalisha ng'ombe. Akiutoa, aliunusa, akatikisa kichwa au akatabasamu. Akitabasamu, wenzake walijua kwamba baada ya wiki tatu watapata mbolea.

Hakuwa amezaliwa na kazi hiyo. Miaka ishirini na sita alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini, akipanda na kushuka ngazi na mafaili kwapani mpaka goti la kushoto likaharibika. Alipostaafu, walimpa saa ya ukutani na keki. Mwaka wa pili wa kustaafu, mkewe Kaluki akafariki baada ya kuugua wiki mbili tu. Mutie akamzika kwao Mwala, akarudi Nairobi na mtoto wao wa pekee, Maureen, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo sasa ilikuwa kubwa kuliko walivyoizoea.

Jina la pili la Maureen lilikuwa Syokimau, jina la mama yake Mutie. Kwa hiyo, kama wafanyavyo Wakamba, Mutie alimwita bintiye "mwaitu", yaani mama yangu. Alimwita hivyo tangu akiwa mchanga wa siku nane, na alimwita hivyo akiwa mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyefanya kazi ya kuchapa kadi za harusi River Road mpaka duka likafungwa.

Shamba lilikuwa uwanja wa kanisa uliokaa bure. Kanisa liliukodisha kwa kikundi cha watu tisa, na kila mmoja, Mutie na Maureen wakiwemo, akapata matuta yake. Kiongozi wao alikuwa Awiti, mjane wa kutoka Siaya, ambaye kila mtu alimwita Mama Clifford kwa jina la kifungua mimba wake. Walipanda sukuma wiki, terere, kunde na managu, na kina mama wa Kenyatta Market walikuwa wakija wenyewe kuzichukua alfajiri, zikiwa bado na umande.

Mutie hakuwa mkulima hodari. Matuta yake yalikuwa mapindapinda. Lakini aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kwamba kila mavuno yalimaliza kitu udongoni na hakuna aliyekirudisha. Akaanza kuokota. Mabua ya mahindi, makapi ya maharagwe, majani ya nje ya kabichi ambayo wauzaji huyachambua na kuyatupa, maganda ya ndizi, mizizi ya sukuma iliyozeeka. Aliyakatakata kwa panga, akayapanga tabaka kwa tabaka: makavu chini, mabichi juu yake, kisha samadi kidogo, jivu kidogo, udongo wa juu wa shamba lenyewe. Alimwagilia maji, akafunika kwa majani ya mgomba, akachomeka fimbo ndefu katikati. Fimbo ikitoka ya moto, lundo liko hai. Ikitoka baridi, alilipindua lote kwa uma, siku nzima, na goti lake hilo bovu.

Baada ya miezi mitatu, takataka zilikuwa zimegeuka kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mutie aliwagawia wenzake wote kwa karai, kila mmoja sawa na mwenzake. Mboga zilizokuwa za manjano zikawa za kijani kilichokolea. Awiti alisema mbele ya watu, "Huyu mzee ametuokoa." Mutie, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia ameokoa chochote, aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mtu mmoja tu hakuwa na haja kubwa ya mboji yake, na huyo alikuwa bintiye.

Maureen alikuwa na haraka. Alitumia mbolea ya dukani, na alikuwa na pampu ya kubeba mgongoni ya kupigia dawa ya wadudu. "Baba, mboji yako ni nzuri," alikuwa akimwambia, "lakini ni ya watu wenye subira. Mimi sina." Walibishana juu ya jambo hilo mezani, shambani, njiani kwenda kanisani. Kwanza ilikuwa mzaha. Halafu, bila yeyote kujua ni siku gani, haikuwa mzaha tena. Mutie alianza kuona pampu ile ikimtukana. Maureen alianza kuona kila sifa anayopewa babake kama kidole anachonyoshewa yeye.

Tena kulikuwa na kosa moja la zamani. Miaka miwili nyuma, Maureen alipiga dawa ya kuua magugu kwenye kijia, upepo ukaipeperusha, na mstari mmoja wa kunde za Awiti ukajikunja na kufa. Maureen alikiri siku hiyo hiyo. Alimpa Awiti kunde zake mwenyewe, akaapa hatagusa dawa ya magugu tena, na Awiti akamsamehe. Watu walisahau, au walionekana wamesahau.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mvua za vuli zilinyesha siku nne zikakatika. Mabua hayakupatikana, kwa kuwa wenye ng'ombe waliyagombania yote. Hata sokoni majani ya kabichi yaliyotupwa yalichukuliwa na wafugaji wa sungura kabla Mutie hajafika na mkokoteni. Lundo lake likabaki la kufika magotini. Wenzake walikuwa wakimuuliza, "Mzee, mboji itatoka lini?" naye alikuwa akijibu "karibu," huku akijua si karibu.

Ndipo alipomkumbuka Kilonzo. Walisoma pamoja Mwala wakiwa wadogo, na sasa Kilonzo alikuwa mtunza farasi katika nyumba moja kubwa ya Karen. Mutie alikwenda kumwona. Nyuma ya mabanda ya farasi alikuta mlima wa nyasi kavu zilizochanganyika na mavi, nyasi za kulalia na mabaki ya zile za kulisha, na Kilonzo akamwambia mwenye nyumba angefurahi sana zikiondolewa. Walizisafirisha kwa pikapu mara tatu.

Lundo halikuwahi kupata moto kama ule. Fimbo ilitoka inaunguza kiganja. Katika wiki tisa tu mboji ilikuwa tayari, nyeusi, laini kama unga. Mutie alimpelekea bintiye karai la kwanza, kabla ya wengine wote.

"Mwaitu, hii hata wewe utaikubali," alisema.

Maureen alikuwa akichota maji. Hakuweka ndoo chini. "Wape wengine, Baba. Mimi niache na yangu."

Aliwapa wengine.

Mvua ndogo ilinyesha, mbegu zikaota, na kwa wiki mbili shamba lilikuwa zuri. Wiki ya tatu Awiti alimwita Mutie kwenye matuta yake. Majani machanga ya managu yalikuwa yamejikunja kwa ndani kama ngumi ya mtoto. Mashina yalikuwa yamepinda. Kunde ndizo zilikuwa mbaya zaidi: majani yake yalikuwa yamekuwa membamba kama kamba, yakijisokota. Sukuma peke yake ilisimama wima. Walitembea shamba zima. Kwa Awiti, kwa Muema, kwa Mutie mwenyewe, kwa wote wanane, ilikuwa hivyo hivyo.

Matuta ya Maureen, upande wa barabara, yalikuwa yamenyooka. Managu yake yalikuwa mapana, ya kijani, yakichezacheza kwa upepo.

Jumamosi alasiri walikutana, wakakaa kwenye benchi za kanisa zilizotolewa nje. Awiti alikuwa ameng'oa shina moja la kunde akaliweka juu ya meza.

"Mzee Mutie," akasema, "wewe ndiye unajua udongo kuliko sisi wote. Hii ni nini?"

Mutie alisimama. Alilichukua shina lile, akaligeuza. Alikuwa ameliona kabla, miaka miwili nyuma, kwenye mstari ule mmoja. Hakuwa na shaka hata kidogo, na kuna utamu fulani katika kutokuwa na shaka mbele ya watu wanaokungoja useme.

"Hii ni dawa ya magugu," akasema. "Mbolea haifanyi hivi. Ugonjwa haufanyi hivi. Hii ni dawa, na imeletwa na upepo."

"Upepo wa kutoka wapi?"

Angeweza kusema hajui. Baadaye, kwa miezi mingi, angerudi kwenye nukta hiyo ya kuulizwa na kujiona amesimama pale na shina mkononi, na njia ya kusema hajui ikiwa wazi kabisa mbele yake.

"Hapa kwetu upepo unatoka upande wa barabara," akajibu.

Watu wakageuka. Upande wa barabara kulikuwa na matuta ya mtu mmoja.

Maureen alisimama polepole. "Mimi sijapiga dawa ya magugu. Tangu ile siku ya Mama Clifford sijaishika. Pampu yangu iko pale, nendeni muinuse."

"Mbona yako imenyooka?" akauliza Muema, aliyekuwa amepoteza kunde zote. "Shamba lote limekufa, yako tu ndiyo imenyooka. Tueleze basi."

"Sijui. Ningejua si ningewaambia?" Kisha akawaacha wote, akamgeukia babake. "Baba. Niangalie mimi. Nimewahi kukudanganya? Hata nikiwa mtoto?"

Hakuwahi. Alivunja vikombe akaja kusema amevunja. Alianguka mtihani akaja kusema ameanguka. Kosa lile la kunde alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Mutie alijua hayo yote. Lakini alikuwa ameshasema, na watu wanane walikuwa wakimtazama, na shina bado lilikuwa mkononi mwake.

"Mimi nasema tu vile majani yanasema," akajibu.

Maureen alimtazama kidogo zaidi, kama mtu anayesubiri mwingine amalize sentensi. Kisha akaketi. Awiti akasema wapige kura kama Maureen atolewe kikundini. Mikono saba ilipanda. Mutie hakuinua wake, na kwa muda mrefu alijifariji kwa hilo, kwamba hakuinua mkono.

Jumapili Maureen alipika, akampakulia babake, yeye mwenyewe hakula. Jumatatu Mutie alipotoka kuangalia lundo na kurudi, chumba cha bintiye kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Nguo hazikuwepo. Jikoni, mitungi yote saba ilikuwa imejazwa maji hadi juu. Maureen ndiye aliyekuwa akichota maji ya nyumba, kwa sababu ya goti la babake, na alikuwa ameyachota yote kabla ya kuondoka.

Mutie alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena jioni, haikuita kabisa.

Kikundi kilipanda upya. Waling'oa yaliyokufa, wakaongeza mboji, wakamwagilia. Walisema sasa hakuna pampu, mambo yatakuwa mazuri. Mutie alifanya kazi kuliko wote, akiwa kimya, akiamka mapema na kulala mapema, akila mkate na chai kwa kuwa hakuwa na moyo wa kupika ugali wa mtu mmoja.

Wiki ya tatu, managu yakajikunja.

"Dawa imebaki kwenye udongo," Mutie akawaambia wenzake. "Itaisha." Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Awiti akamwangalia.

Alikwenda mjini kutafuta mbegu nyingine. Huko River Road kulikuwa na duka dogo la mbegu na vifaa vya shamba, lililobanwa kati ya duka la rangi na gesti, na mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu aliyeitwa Abdulrauf, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mutie alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Siku hiyo alimweleza yote, labda kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Abdulrauf alisikiliza hadi mwisho. Akamvutia kiti. "Kaa kitako, mzee wangu. Huyo binti keshaondoka miezi miwili?"

"Miezi miwili."

"Na mboga zingali zapinda?"

"Zinapinda."

"Na zake yeye hazikupinda. Yeye mbolea yako aliitumia?"

Mutie alitazama mlangoni. Nje, mtu alikuwa akipakia mabati kwenye mkokoteni kwa kelele kubwa.

"Hakuitumia," akasema.

Abdulrauf alifungua gunia, akachota kiganja cha maharagwe ya aina ya Nyayo, akayamimina kwenye karatasi na kuikunja. "Twaa mikebe minne. Miwili tia udongo mtupu. Miwili changanya na mboji yako. Panda, weka juani, ungoje. Maharagwe ni kama ulimi, huionja sumu upesi. Huenda ikawa mimi nimekosea. Inshallah iwe nimekosea."

Mutie alitoka bila kuaga, amekasirika. Mboji yake! Iliyookoa shamba! Alitembea hadi karibu na stendi ndipo akagundua bado ameishika ile karatasi ya maharagwe. Alifikiria kuitupa. Aliitia mfukoni.

Mikebe aliiweka juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba. Kila siku aliimwagilia kwa kijiko, sawasawa, bila upendeleo, na kila siku aliomba, ingawa hakuwa na uhakika anaomba nini. Siku ya kumi na nane hakukuwa na cha kuomba tena. Mikebe miwili ilikuwa na mimea mizuri, majani kama moyo. Miwili mingine ilikuwa na vitu vilivyojisokota, majani yamekunjamana, vikiinamia pembeni.

Mutie alikaa chini pale pale kwenye sementi. Alikuwa akiona managu ya Maureen yakichezacheza upande wa barabara. Yale ambayo kila mtu, na yeye wa kwanza, aliyachukua kuwa ushahidi wa hatia ya bintiye. Mtu mmoja tu alikataa mboji, na mboga za mtu huyo mmoja ndizo zilizopona. Jambo lenyewe lilikuwa limelala mchana kweupe, na yeye anayeheshimiwa kwa kusoma udongo hakulisoma, kwa sababu lilikuwa linasema jina lake.

Kesho yake alikwenda Karen. Kilonzo alikuwa akisugua farasi mmoja mweupe.

"Zile nyasi," Mutie akamuuliza, "hutoka wapi?"

"Shamba moja kubwa huko bondeni. Wanaleta na lori. Nyasi safi sana, hupati hata gugu moja ndani."

"Mbona hazina magugu?"

"Si wanapiga dawa. Inaua majani mapana yote, inaacha nyasi peke yake." Mkono wa Kilonzo ulipunguza mwendo, kisha ukasimama juu ya mgongo wa farasi. "Mutie. Ngoja. Yule dereva aliwahi kuniambia. Aliniambia farasi wanakula hawana shida, lakini hiyo dawa inapita tumboni inatoka vile iliingia, tusipee watu wa bustani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ulikuja ukiwa na shida, nikafurahi nina kitu cha kukupa."

Alijishika kichwa. Mutie alimwambia si kitu. Alimwambia hivyo kwa kweli, kwa kuwa kosa la Kilonzo lilikuwa la kusahau. Lake halikuwa hilo.

Jumamosi aliwakusanya wanakikundi. Alileta mikebe yote minne, akaipanga juu ya meza ile ile, akaeleza kuanzia mwanzo: nyasi, farasi, dawa, mboji. "Maureen hakufanya lolote," akamaliza. "Ni mimi niliyewawekea sumu, na ni mimi niliyewaonyesha mtoto wangu."

Muema alivua kofia akaishika mikononi. Awiti ndiye aliyeanza kulia, kimya kimya, akijifuta kwa ncha ya leso. "Mimi ndiye nilisema tupige kura," akasema. "Huyo mtoto aliniletea kunde zake na mikono yake mwenyewe." Akapenga kamasi. "Nenda umtafute, Mzee. Mwambie nafasi yake iko. Mwambie tutakuja wote tumwombe msamaha, popote alipo."

Hakujua alipo. Alimkumbuka rafiki wa bintiye, Stellah, msusi wa Kenyatta Market. Jumanne asubuhi alikwenda huko, akapita katikati ya moshi wa nyama choma na wasichana waliokuwa wakimshika mkono kila mwanamke aliyepita wakimuuliza kama anasukwa. Wazee wa umri wake hawakuwa na shughuli upande ule. Aliuliza banda baada ya banda.

Stellah, aliyemtafuta ampe habari, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha rangi ya waridi, na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima, alikuwa amekaa Maureen. Hakuweza kuinuka wala kugeuka. Stellah alikuwa ameshika rasta tatu vidoleni. Walionana kwenye kioo.

"Baba," Maureen akasema kwenye kioo. "Nani amekuonyesha hapa?"

"Nimeuliza uliza tu." Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hayakuwepo. "Mwaitu, haikuwa wewe."

"Najua haikuwa mimi."

Stellah aliacha kusuka. "Endelea, Stellah," Maureen akamwambia, "tutachelewa." Vidole vikaanza tena, na Mutie akaeleza yote akiwa amesimama pale, kofia mkononi, huku wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu wakijifanya wanaangalia simu zao. Alieleza nyasi za Karen. Alieleza mikebe. Hakujitetea.

"Kwa hivyo ilikuwa mboji," Maureen akasema alipomaliza.

"Ilikuwa mboji yangu."

Maureen akangoja Stellah amalize rasta moja. "Nataka kukuuliza kitu kimoja, Baba. Hayo maharagwe yangeota yamenyooka, ungekuja?"

Mutie alifungua mdomo. Jibu jema lilikuwa pale pale, fupi, na mtu yeyote angelitoa. Lakini bintiye alikuwa akimtazama machoni kwenye kile kioo, na hakuwa tayari kumdanganya mtu ambaye hakuwahi kumdanganya yeye.

"Sijui," akasema. "Sijui, mwaitu."

Maureen aliitikia kwa kichwa, kidogo tu, kadiri mikono ya Stellah ilivyomruhusu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Sawa. Angalau umesema ukweli."

"Mama Clifford anasema nafasi yako iko. Wote wanasema. Wanataka kuja kukuomba msamaha."

"Hao sina shida nao. Hao walisikia mtu wa mboji akisema, wakaamini. Hata mimi ningeamini. Shamba ni shamba, ningepata lingine." Akapumua. "Lakini nilikuuliza mbele yao kama nimewahi kukudanganya. Jibu ulikuwa nalo, Baba. Ukaangalia jani."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nikisema nimekusamehe itakuwa ya mdomo."

Hapo ndipo alipomwambia kwamba anasafiri Alhamisi. Kazi ya nyumba, Qatar, miaka miwili. Karatasi zote zilikuwa tayari, ajenti alikuwa amemaliza, ndiyo maana alikuwa akisukwa nywele za kukaa muda mrefu. Mutie aliuliza kama angeweza kumsindikiza uwanja wa ndege. Maureen alifikiria kwa kweli, ilionekana, halafu akasema hapana, Stellah atamsindikiza.

Mutie alitaka kumshika bega. Hakujua kama anaruhusiwa. Alisema "Haya, safari njema," kama mtu anayemuaga mgeni, akatoka kupitia kwenye majiko ya nyama.

Yaliyofuata si mengi. Walichimba mboji yote iliyokuwa imebaki wakaizika mbali. Matuta yaliyoathirika walipanda mahindi na sukuma tu, wakawa wanayachimbua na kuyamwagilia mara kwa mara, na baada ya mwaka mmoja Awiti alijaribu kunde kwenye kona moja, zikaota zimenyooka. Mutie alikuwa amesema ataacha kutengeneza mboji kabisa. Awiti alimkataza. Akarudia kazi yake, ila sasa hakupokea bua wala jani bila kwenda kuona kwa macho lilikotoka. Jumapili moja alisimama kanisani wakati wa matangazo, bila kuombwa, akasema mbele ya watu wote kwamba binti yake Maureen Syokimau alisingiziwa, na aliyemsingizia ni babake. Kisha akaketi, na mhubiri akasubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Kila wiki alimtumia Maureen ujumbe, maneno machache: mvua imenyesha, Muema ameoza meno, Mama Clifford anakusalimu. Maureen alisoma yote. Wakati mwingine alijibu: "Asante Baba." "Niko salama." Mara moja aliandika, "Meza dawa ya goti." Mutie aliusoma huo siku nzima.

Miaka miwili ilipokaribia kuisha, alipaka chumba cha bintiye rangi na kununua godoro jipya. Hakumwambia mtu, lakini kila mtu alijua. Stellah ndiye aliyempigia simu, akamwomba apite Kenyatta Market akipata nafasi. Alipofika, Stellah alimketisha kwenye kiti cha wateja, akazima redio.

"Baba Maureen, ameniambia nikuambie mimi," akasema, "kwa sababu hakuweza kukuandikia. Ameongeza miaka miwili mingine."

Mutie aliuliza kama ni mgonjwa. Si mgonjwa. Aliuliza kama wanamtesa. Hawamtesi, ni watu wazuri. Aliuliza kama kuna kitu alichosema yeye, katika zile jumbe, kilichomuudhi.

"Hapana, Baba. Anazipenda. Ananisomeaga kwa simu." Stellah alivuta pumzi. "Amesema tu kwamba moyoni bado hajafika mahali pa kurudi."

Mutie aliitikia kwa kichwa. Alikaa pale kitini, akijiona kwenye kioo, mpaka mteja akaja akasimama mlangoni akingoja kiti, ndipo akaomba radhi, akainuka kwa goti lake bovu, akampisha.